Salama, Ila

Kazi yangu Malaloni ilikuwa kuuamulia mtandao mambo ya kusema na mambo ya kunyamazia. Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya nini huko mlimani niliwajibu hivyo hivyo, nao wakacheka wakidhani nawakwepa. Mama peke yake hakucheka. Alisema, "Kumbe ni kazi ya mkwe hiyo," kwa sababu kwetu mwanamke akiolewa ndipo hujifunza lipi la kusema mbele ya nani, na lipi la kumeza.

Malaloni iko juu ya milima ya Uporoto, mahali ambapo ukungu huingia bila kuulizwa na kuondoka ukipenda. Ni nyumba ndefu za mbao, na ndani yake wamelala watu waliovuta vumbi la mawe mepesi machimboni mpaka mapafu yakachakaa kama shati la kazi. Dawa ya kuyaotesha upya ilikwisha kupatikana, lakini ilikuja na sharti. Mwili ulio macho huyakataa mapafu mapya. Mwili uliolala fofofo huyapokea, polepole, kwa miaka. Ukiamka kabla ya wakati, kilichoota hunyauka, na dawa haishiki mara ya pili. Ndiyo maana sisi wa Malaloni tulivaa viatu vya sufu, hatukufuga jogoo, na neno "amka" tulilitamka kwa sauti ya chini hata tukiwa jikoni.

Mahali penyewe palikuwa na utani wake. Unyakyusa salamu yetu ni "Ugonile", yaani umelala? Mgeni akisalimiwa hivyo pale langoni alishindwa kujua kama anaamkiwa au anafanyiwa usaili.

Kila aliyelala alivaa kofia ya nyuzi. Kila baada ya muda kofia ilimnong'oneza ndotoni, "Habari?", kwa sauti isiyo ya mtu yeyote, naye alijibu bila kuamka. Jibu lilikuja barazani, chumba chenye vioo vya taarifa ambako walinzi wa zamu walikaa na chai yao. Hiyo tuliiita kujulia hali. Mtandao unauliza, aliyelala anajibu, basi.

Njia ya pili ilikuwa hodi. Hodi haingoji swali, inakuja yenyewe mpaka mlangoni pako. Joto la chumba ni hali: ukitaka kulijua, uliza, utalikuta palepale ulipoliacha. Moto ni tukio, nao hausubiri zamu ya maswali. Kwa hiyo katika kielelezo, yaani yale maandishi yanayoufundisha mtandao ni vitu gani vilivyopo na vinaitwaje, joto lilikuwa na swali lake na moto ulikuwa na hodi yake. Mwanagenzi wa kazi hii hupenda kuweka hodi kila mahali, kama mama wa mtoto wa kwanza anayekwenda zahanati kwa kila chafya.

Kabla sijafika, mmoja wao aliweka hodi kwenye kila badiliko la joto. Milimani kwetu joto hubadilika wingu likipita. Baraza ikalia kuanzia asubuhi mpaka jioni, walinzi wakachoka, wakazima sauti. Ndipo pampu ya maji ya moto ya nyumba ya mashariki ikafa, ikapiga hodi yake ya haki, na hakuna aliyeisikia. Mzee mmoja alipoteza vidole vya mguu kwa baridi, akiwa anaota yuko pwani.

Tangu hapo mkuu wetu, dada Lugano, alizihukumu hodi zote yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye tabia ya kufunga macho anaposikiliza, hata ukadhani naye amelala. Ukimpelekea hodi mpya alikuuliza: jambo hili limetokea, au liko tu? Nikiliuliza kesho sitalikuta? Na huyo atakayeamshwa na hodi yako, ana la kufanya? Hodi nyingi zilikufa kwenye swali la tatu.

*

Siku moja ya mvua nyembamba aliniita.

"Atu," alisema, "mikia imejaa ghalani. Ikate."

Mkia lilikuwa neno la ofisini. Aliyelala akijibu, mtandao ulichukua neno la kwanza. Katika kielelezo, sehemu ya jibu ilikuwa na thamani mbili tu, salama na si salama. Maneno yaliyofuata yaliitwa mkia, yalihifadhiwa tu kwa sababu mtu wa kwanza kuandika kielelezo hakuwa na moyo wa kuyatupa. Hakuna aliyeyasikiliza. Tulikuwa na fahari kubwa kwamba tangu Malaloni ifunguliwe, taa ya "si salama" haijawahi kuwaka hata mara moja. Wageni wa serikali walionyeshwa taa hiyo, wakapiga makofi.

"Nisikilize kidogo kabla sijakata?" nikauliza.

"Ni ndoto za watu, Atu. Utasikia nini?"

"Hata anayechinja kuku humtazama kwanza, dada."

Akafumba macho, nikajua nimekubaliwa.

Ghala lilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko. Nikavaa visikizio, nikajifunika blanketi, na mvua ikinyesha taratibu juu ya bati nikaanza kusikiliza watu waliolala.

"Salama," alisema mama mmoja, na kimya kidogo kikapita, "ila mbuzi wameingia kwenye viazi."

"Salama, ila mto umehama."

"Salama, ila nimeoa tena, na yule wa kwanza bado hajaambiwa."

"Salama, ila nimesahau nilikokuwa naenda."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Sauti zilikuwa za chini, za watu wanaozungumza wakiwa wamekaa majini hadi kifuani, na zote zilianza na salama. Hapo nikaliona kosa letu, kosa ambalo watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Tulijenga taa ya "si salama" kwa ajili ya watu ambao hawajibu hivyo hata siku moja. Mkute mtu wa kwetu ameanguka kisimani, msalimie, atakwambia salama. Baada ya hapo ndipo atasema, ila naomba kamba.

Nilipaswa kulijua mapema kuliko wote. Nilipokuwa shule ya bweni, baba alikuja kunitembelea bila kutazamiwa. Akanisalimia, akauliza habari za masomo, akauliza habari za chakula, akanywa chai aliyopewa na matroni, akaisifu. Nikamuuliza habari za nyumbani. "Salama," akasema, akaweka kikombe chini, "ila baba yako mdogo ametutoka." Kwa baba, habari mbaya ilikuwa mgeni mzito, haiingii kabla ya kukaribishwa na kupewa kiti.

Naye baba alikuwa amelala pale pale Malaloni, nyumba ya magharibi, kitanda cha dirishani. Mzee Asangalwisye, aliyekata mawe mepesi ujana wake wote na kucheka kwa sauti iliyomtangulia njiani. Nikauomba mtandao uniletee mikia yake.

"Salama," alisema baba, "ila mlango uko wazi. Mama yenu hajarudi."

Nikadhani ni ndoto moja. Nikasogeza mbele. Safari hii aliota yuko machimboni. Kando ya sauti yake kofia ilikuwa imeandika picha za ndoto: mawe, jua, watu wengi. "Salama, ila mlango uko wazi. Mama yenu hajarudi." Nikasogeza tena. Alikuwa kijana, kwenye ngoma. Alikuwa mtoto, akichunga. Alikuwa juu ya gari la mawe lisilofika. Kila ndoto ilikuwa mpya, na mwisho wa kila jibu mlango ulikuwa ule ule na haujafungwa.

Mama alifariki masika yaliyopita, baba akiwa tayari usingizini. Nilikuwepo. Sheria ya Malaloni ilisema habari za nje hazivuki kizingiti, kwa sababu moyo uliosikia msiba hudunda, na moyo ukidunda sana mwenye moyo huamka. Kwa hiyo tulimzika mama, nikarudi kazini, nikapita kila siku mbele ya nyumba ya magharibi, na kioo cha baraza kikaniambia baba yu salama. Nilikiamini kioo kwa sababu kilinifaa. Sasa nilikaa ghalani na visikizio masikioni na machozi yakanitoka bila sauti, kama watu wa Malaloni tulivyozoea kulia.

*

"Nataka hodi kwa ajili ya ila," nilimwambia Lugano.

Tulikuwa tumesimama kwenye ujia wa mbao unaounganisha nyumba. Ukungu ulikuwa umefika magotini, na viatu vyetu vya sufu havikuonekana.

"Jambo limetokea, au liko tu?" akauliza, macho yamefumbwa.

"Kwa wengi liko tu. Mbuzi wanaingia kwenye viazi, ndoto inaisha, mbuzi wanatoka. Hilo ni la kuulizwa likitakiwa. Lakini mtandao unajua ndoto inapokwisha na nyingine inapoanza, kwa jinsi macho yanavyotulia chini ya kope. Ila ikivuka kutoka ndoto hii kwenda ile, na ile nyingine, bila kubadilika, hiyo si ya ndoto tena. Ni ya mtu mwenyewe. Siku inapovuka ndipo jambo limetokea."

"Nikiuliza kesho, sitalikuta?"

"Umeuliza miaka yote hii, dada. Umejibiwa salama."

Hapo alifumbua macho. Sikuwa nimemtania vibaya, lakini ilimwingia.

"Baba yako ni mmoja wao," alisema. Haikuwa swali. Nikamwambia kuhusu mlango. Akang'oa kijiti kwenye ukingo wa ujia, akakivunja vipande.

"Sasa swali la tatu, Atu, na nijibu kama mwandishi wa vielelezo, usinijibu kama binti. Hodi ikija, atakayeisikia ana la kufanya? Wewe utafanya nini? Utakwenda kumwambia mkewe amekufa? Ataamka. Mapafu yatanyauka mbele ya macho yako, na atakuwa na msimu mmoja wa kuishi, akiutumia kukohoa na kuomboleza. Utamuua kwa adabu."

"Na nisipokwenda?"

"Atalala."

"Halali," nikasema. "Kaka Gwakisa, muuguzi wake, amenionyesha vipimo vyake. Mapafu ya wenzake walioingia naye yamefika nusu. Yake yanaota kama mahindi ya kivulini. Huyo mzee amesimama mlangoni kila ndoto, anatazama njia. Mtu anayemngoja mtu hapumziki hata akiwa usingizini. Atafika mwisho wa miaka yake ya kulala na hakuna kilichokomaa."

Lugano alitupa vipande vya kijiti kwenye ukungu.

"Kwa hiyo ukisema huenda ukamuua, na ukinyamaza huenda ukamuua polepole."

"Ndiyo."

"Na unataka mtandao ukuletee hiyo mlangoni kwako."

Niliogopa, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia ningependa sana kuikata ile mikia kama alivyoagiza, nirudi kwenye chai yangu. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na pale Malaloni tulikuwa tumejenga nyumba nzima ya kufichia.

Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, amefungua kielelezo, amekwisha andika jina la hodi mpya kwa herufi ndogo: ila-iliyovuka. Chini yake aliweka masharti yake, naye hakuwa mtu wa masharti machache. Hodi isipigwe kwa ila ya ndoto moja. Ikishapigwa, isirudiwe mpaka ila yenyewe ibadilike, maana anayegonga kila saa huishia kufungiwa. Isiende barazani kwa walinzi wasiohusika. Iende kwa yule mmoja ambaye mlalaji alimtaja alipoingia, siku alipoulizwa: likitokea jambo, tumpigie nani hodi? Na ipigwe kama hodi ya watu wenye adabu inavyopigwa, mara tatu. Ukikaribisha, mlango wa maneno unafunguka, unaruhusiwa kwenda kitandani kusema naye. Ukinyamaza mara zote tatu, inaondoka zake na haikulaumu.

"Sharti la mwisho ni kwa ajili yako," alisema Lugano akiondoka kitini. "Na kwa ajili ya wote watakaokuwa kama wewe. Hodi isiyoweza kunyamaziwa si hodi, ni kuvamiwa."

Nilitazama jina la mpokeaji wa baba. Nilikuwa nalijua tayari. Siku anaingia, mama alikuwa amesimama kando yangu, mzima, ameshika kapu la ndizi. Baba aliulizwa tumpigie nani hodi, akatutazama sote wawili, akasema, "Huyu mdogo. Mama yake ataniletea chakula, huyu ataniletea maneno."

*

Hodi mpya iliwashwa alasiri, baraza ikiwa imejaa. Walinzi wa zamu na wasio wa zamu walikuja kushuhudia mafuriko. Mmoja alileta pamba za masikio kwa utani, akazigawa kama pipi. Hata mimi nilitarajia kelele. Nyumba zile zote, watu wote wale, na kila mmoja ana mbuzi wake.

Lugano akabonyeza. Tukangoja.

Mvua iliendelea kunyesha. Chai ikapoa. Ukungu ulikuja mpaka kwenye vioo vya dirisha, ukakaa pale kama jirani anayesikiliza mazungumzo ya watu. Mtandao ulikuwa ukipitia miaka ya mikia, ndoto kwa ndoto, ukiacha mito iliyohama na ndoa zilizofichwa, na baraza ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia. Yule mwenye pamba aliziokota moja moja, akazirudisha mfukoni.

Hodi ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ndogo ya vidole juu ya ubao, tuliyoichagua ili isimshtue mtu, na ilikwenda kwa mpishi wetu, ambaye dada yake alikuwa amelala nyumba ya mashariki. Alikuwa amekuja kuokota vikombe. Alisimama na sinia mikononi, akaisikia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakusema neno. Hodi ikaondoka. Aliweka sinia chini kwa uangalifu, akaketi, na hakuna aliyemwuliza kitu. Lugano alimpa leso yake.

Ndipo ikaja kwangu.

Mara ya kwanza nilijiambia si yangu. Kioo kilikuwa na jina langu, na bado nilijiambia hivyo. Mara ya pili nilimwona mama waziwazi kabisa, amesimama na kapu lake, ananiangalia kama alivyoniangalia nilipokuwa mdogo na nimetumwa kwa jirani na sitaki kwenda. Lugano alikuwa amegeukia dirisha. Alikuwa amenipa nafasi ya kunyamaza, na ninaapa nilikaribia kuitumia. Ningeitumia, na ningeishi, na baba angebaki pale kizingitini ndoto baada ya ndoto, akiitazama njia.

Mara ya tatu nilisema, "Karibu."

*

Muuguzi Gwakisa alinisubiri kando ya kitanda cha dirishani. Alikuwa kijana wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Alinionyesha mstari wa kijani juu ya kichwa cha baba, mstari wa usingizi, unaopanda na kushuka kwa upole, na juu yake alama nyekundu.

"Ukipanda ukavuka hapo, dada Atu, mimi sina dawa ya kumrudisha."

"Najua, kaka."

"Basi useme polepole."

Baba alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa wake. Ndevu walizinyoa vibaya, upande mmoja zimezidi, na hilo lingemkera sana. Nikaketi. Sauti yangu ingepita kwenye kofia na kumfikia huko aliko, ikiwa na jina langu. Sikujua nianzeje, kisha nikajua, kwa sababu kuna namna moja tu ya kuanza.

"Hodi, baba."

Mstari ulitikisika kidogo. Macho yake yalitembea chini ya kope, kama mtu anayetoka chumba cha ndani.

"Karibu," alisema. Midomo haikusogea sana. "Nani huyo?"

"Mimi, Atuganile."

"Aa. Karibu, mwanangu, karibu. Kaa. Habari za utokako?"

Kioo cha kando kiliandika mstari mtupu. Katika kielelezo chetu chote hapakuwa na nafasi ya aliyelala kuuliza swali. Tulikuwa tumefikiria kumjulia hali tu, hatukufikiria kwamba naye angependa kujua yetu.

"Salama, baba," nikasema.

Ningeweza kuishia pale. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha toka, zuri, la adabu, na kielelezo cha zamani kingelipokea kikaridhika. Gwakisa alinitazama. Nilivuta pumzi, na kifua kiliniuma kana kwamba na mimi nilikata mawe.

"Ila mama ametutoka."

Mstari wa kijani ukapanda. Ulipanda taratibu kwanza, kisha ukakaza mwendo, na mkono wa baba uliokuwa juu ya blanketi ukajikunja. Gwakisa alisimama. Mstari uliikaribia alama nyekundu ukakaa chini yake, unatetemeka, na mimi nilikuwa nimeushika ule mkono bila kukumbuka nimeushika lini. Nilimpenda mtu huyu kuliko nilivyowahi kumwambia, na nilikuwa nimemletea maneno, kama alivyotaka.

"Alikuwa peke yake?" akauliza baba. Sauti ilitoka mbali.

"Hapana. Nilikuwa naye. Nilimshika mkono hivi."

Chozi moja lilitoka kwenye jicho lake lililofumbwa, likapita kwenye ndevu zilizonyolewa vibaya. Nje mvua ilikuwa imeacha kunyesha, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa moja moja.

"Basi funga mlango, mwanangu," alisema baba. "Baridi inaingia."

Mkono ukafunguka ndani ya wangu. Mstari ukaanza kushuka, ukapita pale ulipokuwa umezoea kukaa, ukaendelea kushuka, mpaka mahali ambapo Gwakisa alisema hajawahi kuuona tangu mzee huyu aletwe. Kofia, bila kujua lililopita, ilifika zamu yake ikamnong'oneza habari yake ya kawaida.

"Salama," akajibu baba, na tulingoja, mimi na Gwakisa, lakini hapakuwa na kilichofuata.

Niliinuka. Mlango wa chumba nilikuwa nimeuacha wazi nilipoingia, na ukungu ulikuwa umenifuata mpaka miguuni pa kitanda. Nikaenda nikaufunga.